Maswali ya Wasomaji: Lipi Lilitangulia?

Barua nyingi tulizopokea kutoka Lamu na Malindi safari hii zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Huyu anauliza "kabla", yule "baada", mwingine "mpaka". Tumeziweka pamoja, na zilizokuwa ndefu tumezipunguza.

Kabla sijaondoka, na hali niliondoka

*Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Malindi. Wanafunzi wanauliza: mbona tunasema "mgeni alifika kabla sijaondoka", wakati kweli niliondoka? Kitenzi kimekanushwa na tendo limetokea. Je, si afadhali tushike "kabla ya kuondoka" peke yake? Na "kabla ya sijaondoka" nayo vipi?*

Mwalimu, usiwakemee. Kiambishi -ja- hakisemi "halikutokea". Kinasema kwamba hadi saa fulani lilikuwa bado, na saa hiyo hutolewa na kitenzi kikuu. Simama kwenye saa aliyofika mgeni, kisha tazama kuondoka kwako: bado. Hilo tu ndilo linalokanushwa. Kama uliondoka baada ya nusu saa au ukaghairi ukalala, -ja- haina habari.

Ndiyo maana sehemu hiyo haigeuki hata kitenzi kikuu kikigeuka: *alifika* kabla sijaondoka, *atafika* kabla sijaondoka, *hufika* kabla sijaondoka, *na afike* kabla sijaondoka. Waandikishe wanafunzi sentensi hizo nne ubaoni, moja chini ya nyingine, wazione. Kitenzi cha -ja- hakina tarehe yake. Kinaazima ya jirani.

Kutokana na hapo makosa yanajieleza yenyewe. "Kabla sikuondoka" haifai kwa sababu -ku- hufunga hesabu kwa kuipima na leo tunaposema, si na saa ya mgeni. "Kabla nitaondoka" na "kabla nimeondoka" zinafanya kosa lilelile kwa upande mwingine: zinaleta tarehe ya pili mahali pasipotaka tarehe. Na "kabla ya sijaondoka", ambayo redioni husikika kila siku, imechanganya miundo miwili. Ile "ya" inataka jina mbele yake: kabla ya *kuondoka*, kabla ya *safari*, kabla ya *mgeni kufika*. "Sijaondoka" ni sentensi kamili, haiwezi kukaa kwenye kiti cha jina. Ama uiondoe "ya", ama ukiondoe kitenzi.

Kuhusu kushika "kabla ya ku-" peke yake, hatukushauri. Muundo huo unaficha mtendaji. "Nilimwona fundi kabla ya kuondoka": aliyeondoka ni nani, mimi au fundi? Hakuna ajuaye. "Kabla sijaondoka" na "kabla hajaondoka" zinamaliza ubishi kwa silabi moja. Tumia "kabla ya ku-" pale ambapo mtendaji ni mmoja na hakuna mwingine jirani anayeweza kudhaniwa.

Angalizo kwa vitenzi vifupi: -ja- haibebi ile *ku*. Ni "kabla hajala", "kabla hawajaja", "kabla hajanywa". "Hajakula" inasemwa sana mitaani, lakini katika mtihani itakatwa alama.

Kinyume ambacho si kinyume

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nyumbani ni Lamu. Tumefundishwa kwamba "kabla" ni kinyume cha "baada", kama < na >. Lakini "Mzee alifariki kabla hajamwona mjukuu wake" ni kweli ingawa hakumwona kamwe. "Alifariki baada ya kumwona" haiwezi kuwa kweli kama hakumwona. Kinyume gani hiki?*

Mwanangu, umeingia mlango uleule alioingia Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa wa Uingereza, katika makala yake ya 1964 kuhusu maneno haya mawili. Alionyesha kwamba ukiyaandika kimantiki hayatoki kama picha na kivuli chake. Tuchukue A na B kuwa mambo mawili, t na t′ kuwa nyakati, na alama < isomeke "ni mapema kuliko":

A kabla ya B: kuna t ambapo A ni kweli, na kila t′ ambapo B ni kweli, t < t′.

A baada ya B: kuna t ambapo A ni kweli, na kuna t′ ambapo B ni kweli, na t′ < t.

Tazama mahali maneno yalipobadilika. Kwenye "kabla" B imefungwa na *kila*. Kwenye "baada" imefungwa na *kuna*. Na *kila* haidai kuwepo kwa kitu. "Kila jahazi litakaloingia leo litalipa ushuru" inabaki kweli hata bandari ikishinda tupu mpaka magharibi. Kwa hiyo kama mzee hakumwona mjukuu kamwe, hakuna t′ hata moja ya kuivunja kanuni, na sentensi yako inapita. *Kuna* haina huruma hiyo: pasipo t′, sentensi ya "baada" inaanguka.

Tokeo la pili halisemwi sana madarasani. "Kabla" haikubali kugeuzwa: A ikiwa kabla ya B, basi B haiwezi kuwa kabla ya A. "Baada", kwa kanuni ile, inakubali. Dau lilikaa bandarini kuanzia saa 2 hadi saa 6. Jahazi lilikaa kuanzia saa 4 hadi saa 8. Dau lilikuwepo saa 5, na saa 4 na nusu jahazi lilikuwepo. Basi dau lilikuwepo baada ya jahazi kuwepo. Jahazi lilikuwepo saa 7, na saa 3 dau lilikuwepo. Basi jahazi nalo lilikuwepo baada ya dau kuwepo. Zote mbili kweli. Jaribu hivyo kwa "kabla" na utapata moja tu: dau kabla ya jahazi. Sikio la mtu wa kawaida litalalamika, kwa kuwa tukisema "baada" mara nyingi twamaanisha baada ya *kwisha*. Malalamiko hayo ni ya haki, na dawa yake ni kutaja ncha: "lilitia nanga baada ya jahazi *kung'oa*". Ncha ni nukta, na nukta hazipishani.

Kanuni ya Anscombe ina tundu lake. "Niliondoka Malindi kabla sijawa mfalme wa Uingereza" inapita kimantiki, na barazani utachekwa. Kinachokosekana ni matarajio: B lazima iwe ilikuwa njiani. Mjukuu alikuwa tumboni. Ufalme haukuwa popote. Kwa maoni yetu, hapa Kiswahili kimeitangulia kanuni, maana -ja- tayari ina "bado" ndani yake, na "bado" ni neno la mtu anayetazamia. Kijana akisema "sijaoa", shangazi zake wanaanza kupanga. Kizee aliyefunga hesabu atasema "sikuoa".

Jambo hili lina uzito nje ya darasa pia. Hati ikisema "mnunuzi alilipa kabla hajapewa hati ya shamba", hiyo si ushahidi kwamba alipewa. Wala "kabla ya kupewa" si ushahidi. Anayetaka kuthibitisha kupokea na aandike matendo mawili kwa miguu yake: "alilipa tarehe fulani, akapewa hati tarehe fulani".

Alipofika, waliondoka

*Ni karani wa kikundi cha wavuvi, Lamu. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya watu kukitokea ugomvi wa nyavu. Mtu anasimulia akirudi nyuma na kwenda mbele, nami nikiandika kila kitu kwa -li-, wasomaji wangu wanaelewa tofauti. Nifanyeje?*

Ndugu karani, anza na sentensi tatu hizi:

Mlinzi alipofika, wavuvi *waliondoka*.
Mlinzi alipofika, wavuvi *walikuwa wakiondoka*.
Mlinzi alipofika, wavuvi *walikuwa wameondoka*.

Ya kwanza ina maana alifika, ndipo wakaondoka, huenda walimkimbia. Ya pili, aliwakuta mguu mmoja ndani ya mtumbwi. Ya tatu, alikuta maji matupu. Kwenye shauri, ya kwanza inaweza kumfanya mlinzi shahidi wa macho na ya tatu inamwondolea ushahidi wote. Tofauti hiyo yote imebebwa na kitenzi kisaidizi na viambishi viwili.

Mwanafalsafa Hans Reichenbach, mwaka 1947, alieleza jambo hili kwa nukta tatu: wakati wa kusema, wakati wa tendo, na wakati wa kutazama, yaani mahali msimulizi anaposimama kulitazama tendo. Ile nukta ya tatu ndiyo iliyomfanya awe na jambo jipya la kusema, na sisi tunalo neno zima kwa ajili yake. Katika "walikuwa wameondoka", *walikuwa* linaweka mahali pa kusimama huko nyuma ya leo, na *wameondoka* linaweka tendo nyuma ya mahali hapo. Badilisha neno la kwanza likawa *watakuwa*: "kesho saa 2 watakuwa wameondoka". Mahali pa kusimama ni kesho, na tendo li kabla yake. Lakini je, wameshaondoka leo hii tunaposema? Sentensi haisemi. Huenda waliondoka jana, huenda wanang'oa sasa, huenda wataondoka usiku. Karani asiyelijua hili ataandika ahadi akidhani ameandika habari.

Kisha -ka-. Huyu ni mtumishi mzuri mwenye masharti. Kazi yake ni kupanga: kila -ka- huja baada ya kitenzi kilichotangulia, na mara nyingi humtia msomaji shaka kwamba la kwanza ndilo lililosababisha la pili. "Alimtukana, akapigwa." Kama hujui lipi lilikuja kwanza, usitumie -ka-. Andika "alimtukana, pia alipigwa", na uongeze kwamba shahidi hakumbuki mpangilio. Na -ka- hairudi nyuma. Msimulizi akirudi nyuma, kata mnyororo, andika "kabla ya hapo alikuwa ame-", kisha anza mnyororo mpya. Ukanushi wake nao una sura yake: "akafika *asiwakute*", si "akafika hakawakuta".

Utaratibu wa kazi tunaoupendekeza ni huu. Mwache mtu aseme mpaka amalize, usimkate. Kisha andika kila tendo kwenye kipande chake cha karatasi, tendo moja tu, na chini yake andika aliyeliona. Chora mshale kutoka kipande hadi kipande pale tu mtu alipojua kwamba hili lilitangulia lile, kukisia hakuhesabiki. Vipande visivyo na mshale uviache hivyo hivyo. Usione haya kuwa na mapengo, maana hesabu yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: matendo 5 yasiyofungwa kwa mshale wowote yanaweza kupangwa kwa njia 120, na mshale mmoja tu unaziondoa nusu, zinabaki 60. Mishale ikifanya duara (hili kabla ya lile, lile kabla ya lingine, na lingine kabla ya hili), jua mtu mmoja amekosea au anadanganya, kwa sababu kutangulia hakuzunguki. Rudi kwake na vipande vitatu hivyo tu. Ukishamaliza hayo ndipo uandike kwa mtiririko: -li- kwa tendo la kwanza, -ka- kufuata mishale, "walikuwa wame-" unaporudi nyuma.

Mengi yanaharibika pale karani anapoandika huku anasikiliza. Hapo anafuata mpangilio wa *kusimuliwa*, na -ka- zake zinaugeuza kuwa mpangilio wa *kutendeka*.

Usiku wa Ijumaa ni upi?

*Natoka Shela. Tulialikwa shughuli "usiku wa Ijumaa saa 2". Bibi alikwenda Alhamisi, sisi vijana tukaenda Ijumaa, tukakuta vyombo vinaoshwa. Nani alikosea?*

Bibi yako hakukosea, mwanangu. Katika hesabu ya wazee, inayofuata kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua likitua. Usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa basi ni ule uliofuata mchana wa Alhamisi, kama vile usiku wa kwanza wa Ramadhani unavyokuja kabla ya funga ya kwanza. Nyinyi mmehesabu kwa kalenda ya ukutani, ambayo siku yake huanza saa 6 za usiku. Kati ya hesabu hizo mbili kuna saa 24, na neno ni lilelile.

Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa" kwa ule wa bibi, na "Ijumaa usiku, baada ya isha" kwa ule wenu. Ukiongeza tarehe ya mchana ulio karibu, bora zaidi. Saa zetu nazo zinafuata jua: saa 1 usiku ni saa moja baada ya saa 12 jioni, na huku karibu na ikweta jua halipotei mbali na hapo mwaka mzima. Simu zikiandika 20:00, toa 12 upate 8, kisha toa 6 upate saa 2 usiku. Simu ikiandika 02:00, ongeza 6: saa 8 usiku. Hapa ndipo watu hukosea siku, kwa sababu saa 8 hiyo, kwa simu, tayari ni kesho yake, na kwa mdomo wa watu bado ni usiku uleule.

Kabla maji hayajapwa

*Nahodha, Matondoni. Niliwaambia abiria "tutavuka Mkanda kabla maji hayajapwa". Mmoja alikuja maji yameshuka nusu akasema: bado hayajapwa. Wenzake wakamuunga mkono.*

Nahodha, kwa lugha yuko sawa, kwa bahari amekosea. "Hayajapwa" inakanusha "yamepwa", na "yamepwa" ni jina la hali ya mwisho, maji yalipokwisha kushuka. Kupwa si nukta. Huchukua kama saa 6 na dakika 12 tangu maji yalipojaa. Katika muda wote huo maji "yanapwa" lakini "hayajapwa". Abiria wako alikuwa na saa sita za kujitetea.

Vitenzi vingi vya hali viko hivi. "Kabla hajalala" ni kabla usingizi haujamshika, hata kama ameshajinyoosha kitandani saa nzima. "Kabla chungu hakijachemka" inaruhusu mvuke. Kwa hiyo unapotaka mwanzo, utaje mwanzo: "kabla maji *hayajaanza* kupwa". Na kwa Mkanda, mfereji kati ya Manda na bara ambao maji yakipwa haupitiki, bora kutaja saa kabisa, ukikumbuka kwamba kila siku maji husogea mbele kama dakika 50. Saa uliyoitumia Jumatatu haifai Alhamisi: imekwisha hama kwa saa mbili na nusu.

Neno "mpaka" nalo lina hila kama hii, na lina faida kwako. "Tulingoja mpaka maji *yakajaa*": yalijaa, nawe umethibitisha. "Tulingoja mpaka maji *yajae*": mlikuwa mnangojea kujaa, kama yalijaa au mlikata tamaa mkarudi, hakuna aliyesema. Katika kitabu cha safari andika la kwanza. Watu wa mantiki nao wameona nguvu ya neno hili. Arthur Prior wa New Zealand, aliyejenga mantiki ya nyakati katika miaka ya 1950, alitumia alama kama "iliwahi kuwa" na "itakuja kuwa". Mwaka 1968 Hans Kamp akathibitisha kwamba wakati ukichukuliwa kama mstari mmoja usio na mapengo, "tangu" na "mpaka" zinatosha kueleza chochote kuhusu nyakati kinachoweza kuelezwa kwa "kuna", "kila" na <. Alama za Prior peke yake hazikutosha.

Kwa ufupi, kwa mwenye nyumba ya kupangisha, Malindi

*Mkataba wangu unasema kodi ilipwe "kabla ya tarehe 10". Mpangaji analipa tarehe 10 na kudai yumo.*

Hayumo. "Kabla ya tarehe 10" inaishia tarehe 9. Ukitaka tarehe 10 iwemo andika "kabla au ifikapo tarehe 10". "Hadi" ni neno la kuogopwa. Wengine huingiza siku ya mwisho na wengine huiacha. "Kuanzia tarehe 3 hadi 10" ni siku 8 ukiziingiza ncha zote, 7 ukiacha moja. Kwa mgeni anayetoka na mgeni anayeingia chumba kimoja, taja saa mbili: ya kutoka na ya kuingia, na uache nafasi ya kufagia katikati. James Allen, mtaalamu wa kompyuta, alihesabu mwaka 1983 kwamba vipindi viwili vya muda vinaweza kuhusiana kwa namna 13: kutangulia, kugusana, kupishana, kuanza pamoja, kumaliza pamoja, kimoja kuwa ndani ya kingine, kila moja kwa pande mbili, na ya kumi na tatu ni kulingana kabisa. Mwenye nyumba anazihitaji mbili tu, kutangulia na kugusana, na kugusana kunaleta ugomvi mlangoni.

Jibu lililotangulia swali

*Mweka hazina wa chama cha akina mama, Malindi. Wenzetu wengine wako Lamu. Kwenye simu jumbe hufika zimepinduka: jibu linaonekana juu ya swali, na mtu anadai alituma mchango kabla ya mwisho. Tuamini saa ya simu ipi?*

Mama, msiamini yoyote peke yake. Kila simu ina saa yake, mtandao ukikatika ujumbe hukaa njiani, na saa iliyoandikwa huenda ni ya kutuma au ya kupokea. Leslie Lamport, mtaalamu wa kompyuta, alilitatua hili mwaka 1978 kwa kompyuta zinazowasiliana, na njia yake inafaa daftari la kawaida.

Kila mtu awe na namba yake, akianza na 0. Ukifanya jambo la chama (kupokea fedha, kuandika, kutuma), ongeza 1. Ukituma ujumbe, uandike na namba yako. Ukipokea ujumbe, linganisha namba yako na iliyokuja, chukua kubwa, ongeza 1; hiyo ndiyo namba yako mpya. Mfano: Malindi iko 7, Lamu iko 3. Malindi inatuma, inakuwa 8, na ujumbe unabeba 8. Lamu inapokea: kati ya 3 na 8 kubwa ni 8, ikiongezwa 1 ni 9. Lamu ikijibu, jibu litakuwa 10. Jibu haliwezi tena kuwa na namba ndogo kuliko swali lake, hata likifika limepinduka.

Kuna mtego mmoja. Jambo lililosababisha lingine lina namba ndogo. Lakini namba ndogo peke yake haithibitishi kutangulia. Mama wa Lamu mwenye 4 na mama wa Malindi mwenye 6, kama hapakuwa na ujumbe kati yao, hakuna anayeweza kusema nani alitangulia, na kwa kazi ya chama hakuna haja. Kwa siku ya mwisho ya mchango, ambapo haja ipo, tumieni saa moja tu: ile iliyo kwenye ujumbe wa uthibitisho wa malipo. Iandikeni kwenye kanuni.

Mbele na nyuma

*Mzee wa Malindi anauliza: siku za mbele ni zijazo, lakini waliokwisha kufa "wametangulia mbele ya haki". Sasa wako mbele au nyuma?*

Mzee wetu, ni picha mbili za njia moja. Katika ya kwanza sisi ndio tunaotembea: tulikopita ni nyuma, tuendako ni mbele. Ukipanga watu kwenye msafara huohuo, aliyetangulia yuko mbele na atafika kwanza, nasi tunamfuata. Kwa hiyo waliokufa wako mbele kwa kufika, na siku zao ziko nyuma kwa kupita. Hakuna ugomvi mpaka mtu aseme "mkutano umesogezwa mbele". Wengi huelewa umeahirishwa, lakini anayefikiria msafara anaweza kuelewa umewahishwa. Mwambieni katibu aandike tarehe ya zamani na tarehe mpya, moja kando ya nyingine.